Umeandika wapi, au umesomwa wapi?

Leo ni habari ya sheria, lakini naomba msikimbie. Ndani yake yumo mtawala aliyefukuzwa kwao, yumo tajiri wa migodi, yumo muuza magari aliyekwenda jela kwa kutafsiri kitabu, na vimo vitabu 23 vilivyolifanya Bunge la Marekani litunge sheria mpya. Kesi za kashfa ndizo zinazotunyima usingizi sisi tunaoishi kwa kuandika. Kadiri ninavyozisoma za nchi mbalimbali, ndivyo ninavyoona kuwa swali gumu si lile la kama ulichoandika ni kweli. Swali gumu ni hili: neno limetolewa wapi? Pale ulipoketi ukaandika, au pale mtu alipoketi akasoma?

Tuanzie London.

Mwaka 1830 watu wa Brunswick, iliyokuwa nchi ndogo ya Kijerumani, walimchoka mtawala wao, Dyuki Charles. Wakalichoma moto kasri lake, naye akatimua mbio. Mwezi huohuo wa Septemba gazeti moja la London, Weekly Dispatch, likaandika habari zake, na halikuandika kwa kumsifu. Ikapita miaka 17. Mwaka 1848 dyuki akamtuma mtumishi wake aende kwenye ofisi za gazeti lile akanunue toleo la zamani lenye habari hiyo. Mtumishi akalipata, akalipa, akarudi nalo. Nakala nyingine ikapatikana katika jumba la British Museum. Dyuki akaenda mahakamani.

Gazeti lilijitetea kwa hoja ambayo mtu yeyote angeiona iko wazi. Sheria ilitoa miaka sita tu ya kufungua kesi ya kashfa, na miaka hiyo sita ilikuwa imekwisha zamani. Mwaka 1849 mahakama ikasema hapana. Siku ile mtumishi alipouziwa gazeti, kashfa ilichapishwa upya. Kila nakala inayomfikia msomaji ni uchapishaji unaojitegemea, na miaka inaanza kuhesabiwa tena. Ukiniuliza mimi, ile ilikuwa hila tupu: mtu anatuma mtumishi akamnunulie kashfa yake mwenyewe ili apate kuishtaki! Lakini majaji waliikubali, na hukumu ile ikaendelea kuwa sheria Uingereza kwa zaidi ya miaka 160.

Kwa gazeti la karatasi haikuwa na madhara makubwa. Gazeti la jana hufungiwa maandazi. Nani atalitafuta baada ya miaka 17 kama si dyuki mwenye kinyongo? Ikaja intaneti, na intaneti haifungi maandazi. Habari ya miaka kumi iliyopita inakaa palepale kwenye tovuti, na kila anayeibofya ni mtumishi wa dyuki. Gazeti la The Times lililiona hilo mwaka 2001, baada ya mfanyabiashara Grigori Loutchansky kulishtaki kwa makala za 1999 zilizokuwa bado zinasomeka kwenye tovuti yake. The Times liliiomba Mahakama ya Rufaa iachane na kanuni ya dyuki, ikakataa. Likapanda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, na huko nako, mwaka 2009, likashindwa.

Wamarekani walishika njia nyingine, na njia yenyewe ilianzia kwenye tangazo la kulipia. Tarehe 29 Machi 1960 New York Times lilichapa tangazo la ukurasa mzima la kuchangisha fedha za kumtetea Martin Luther King. Lilieleza jinsi polisi wa Montgomery, Alabama, walivyowatendea wanafunzi weusi walioandamana. Mengi yalikuwa kweli, machache hayakuwa. Lilisema King amekamatwa mara saba, kumbe mara nne. Lilitaja wimbo walioimba wanafunzi, kumbe waliimba mwingine. L. B. Sullivan, kiongozi wa mji aliyekuwa na dhamana ya polisi, alishtaki japo jina lake halikutajwa popote. Baraza la wazee wa mahakama la Alabama likampa dola 500,000.

Sasa tazameni hesabu hii. Siku ile New York Times lilitoa nakala zipatazo 650,000. Zilizofika Alabama nzima zilikuwa kama 394. Zilizofika Montgomery na viunga vyake zilikuwa 35. Nakala thelathini na tano, nusu milioni ya dola! Wachungaji wanne weusi ambao majina yao yaliwekwa kwenye tangazo walishtakiwa pamoja na gazeti. Na kwa ushauri wa mawakili gazeti likaacha kwa muda kuwapeleka waandishi wake Alabama, wakati ambapo Alabama ndiko palipokuwa na habari. Hilo ndilo linalonikera kuliko zile fedha. Wakubwa wa Kusini hawakuhitaji kumfunga mwandishi hata mmoja; kesi ilitosha kumfukuza.

Machi 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, waliitupa hukumu ile. Wakaweka kanuni kwamba kiongozi wa umma hawezi kulipwa fidia mpaka athibitishe kuwa mwandishi alijua anaandika uongo, au hakujali kabisa kama ni kweli au uongo. Kosa dogo la kweli linasamehewa. Uingereza mambo yalikuwa kinyume chake: maneno yako yakishaonekana ni ya kashfa, wewe uliyeyaandika ndiye wa kuthibitisha kuwa ni kweli. Kwa mlalamikaji tajiri tofauti hiyo inatosha kabisa kumfanya apande ndege kwenda London.

Lakini nisije nikawachorea Marekani kama pepo. Aprili 1995 jengo la serikali lililipuliwa Oklahoma City, watu 168 wakafa. Siku chache baadaye mhuni mmoja aliweka tangazo kwenye mtandao wa America Online la kuuza fulana zenye maneno ya kuwakejeli marehemu, na akaweka namba ya simu ya mwananchi wa Seattle asiyehusika kabisa. Simu za matusi na vitisho zikamiminika. Kuna wakati ilikuwa inaita karibu kila baada ya dakika mbili. Mtu yule alikuwa anafanyia biashara nyumbani kwa namba hiyohiyo, hakuweza kuibadilisha. Aliilalamikia kampuni, tangazo likaondolewa, likawekwa jingine. Alipoishtaki, mahakama ya rufaa mwaka 1997 ikamwambia kuwa sheria ya 1996, katika kifungu maarufu cha 230, inaikinga kampuni ya mtandao dhidi ya maneno yaliyowekwa na mtu mwingine. Aliyeyaweka hakupatikana. Basi, ikaishia hapo.

Mwaka huohuo wa 1997, Januari, mtu asiyejulikana alituma kwenye kundi la mijadala la mtandaoni ujumbe mchafu kwa jina la mwanafizikia wa Uingereza, Laurence Godfrey. Godfrey aliitaka kampuni ya Demon Internet iufute, ikauacha kwa siku kumi. Mahakama ya London ilisema mwaka 1999 kwamba kwa siku hizo kumi kampuni ndiyo mchapishaji, maana ilikwishaambiwa. Mwaka 2000 Demon ikakubali kumlipa pauni 15,000 pamoja na gharama za kesi. Shida ya watu wawili hawa ilifanana sana. Kilichowatenganisha ni bahari ya Atlantiki tu.

Hapo bado kila mtu alishtaki kwake. Kasheshe ilianza pale neno lilipotoka nchi moja na kuumiza nchi nyingine.

Oktoba 2000 jarida la fedha la Barron's, mali ya kampuni ya Dow Jones ya New York, lilitoa makala iliyomgusa vibaya Joseph Gutnick, tajiri wa migodi wa Melbourne, Australia. Kwa karatasi ni nakala chache mno zilizofika huko. Lakini makala iliwekwa pia kwenye tovuti ya kulipia yenye wanachama wapatao 550,000, na kati yao kama 1,700 walikuwa wamelipa kwa kadi zenye anwani za Australia. Gutnick akafungua kesi kwao, katika jimbo la Victoria. Dow Jones ikasema makala ilichapishwa New Jersey zilipo seva, hivyo sheria ya kutumika ni ya Marekani, ile ya Sullivan. Ukitoka hapo, walionya mawakili wake, kila mwandishi atalazimika kupima kila sentensi kwa sheria za kila nchi, kuanzia Afghanistan mpaka Zimbabwe.

Tarehe 10 Desemba 2002 Mahakama Kuu ya Australia, majaji wote saba, ilimpa Gutnick ushindi. Kashfa, walisema, haitokei neno linapowekwa kwenye seva. Inatokea linaposomwa, pale mtu alipo na jina lake. Waandishi wa Marekani walipiga kelele sana. Mimi naona Gutnick alikuwa na hoja. Mtu nyumba yake, biashara zake na jumuiya yake ya dini viko Melbourne, kwa nini apande ndege hadi New Jersey kutafuta jina lililoharibiwa Melbourne? Tena aliahidi kudai madhara ya Victoria peke yake. Mwaka 2004 walimalizana nje ya mahakama: Dow Jones ikalipa dola za Australia 180,000 za fidia na 400,000 za gharama za kesi. Mwandishi mwenzangu yeyote aitazame hiyo hesabu ya pili.

Ile hofu ya Zimbabwe majaji waliiita ya kufikirika tu. Kumbe Zimbabwe ilikuwa imekwishatangulia. Miezi mitano kabla ya hukumu ya Gutnick, jijini Harare alikuwa kizimbani Andrew Meldrum, Mmarekani aliyeripoti kwa ajili ya The Guardian la Uingereza. Alikuwa amechukua kutoka gazeti la Daily News la hukohuko habari ya mama aliyedaiwa kuuawa kinyama na vijana wa chama tawala, habari ambayo baadaye ilionekana haikuwa ya kweli. Sheria mpya ya habari ya 2002 ilikuwa na kifungo cha hadi miaka miwili kwa kuchapisha uongo. The Guardian huchapwa Uingereza, je, kosa limetendeka Zimbabwe vipi? Upande wa mashtaka ulijibu kwamba habari hiyo inasomeka Zimbabwe kwenye tovuti ya gazeti. Ni hoja ileile ya Gutnick, sema hapa mwisho wake ni gereza. Julai 2002 mahakama ilimwachia huru, serikali ikamtaka aondoke nchini siku hiyohiyo, na Mei 2003 ikamfukuza kwa nguvu.

Kuna mwingine hakubahatika. Mmarekani mzaliwa wa Thailand, muuza magari huko Colorado, alitafsiri kwa Kithai sehemu za kitabu cha Paul Handley kuhusu mfalme wa Thailand, akaziweka kwenye intaneti. Aliyafanya hayo akiwa Colorado, ambako si kosa hata kidogo. Mei 2011, akiwa Thailand kwa matibabu, akakamatwa. Desemba alihukumiwa miaka mitano, ikapunguzwa hadi miwili na nusu kwa kuwa alikiri. Julai 2012 mfalme akamsamehe.

Turudi kwenye vitabu 23. Mwaka 2003 mtafiti wa New York, Rachel Ehrenfeld, alitoa Marekani kitabu kuhusu fedha za ugaidi, na ndani yake akamtaja Khalid bin Mahfouz, mwenye benki wa Saudi Arabia, ambaye aliyakana madai hayo. Kitabu hakikuuzwa katika maduka ya Uingereza. Lakini watu wa huko waliagiza kwa intaneti nakala 23, na sura moja ilisomeka mtandaoni. Ilitosha. Msaudia akamshtaki Mmarekani mjini London! Ehrenfeld alikataa kwenda kujitetea, na mwaka 2005 mahakama ikaamuru alipe pauni 10,000 kwa bin Mahfouz na kiasi hichohicho kwa kila mmoja wa wanawe wawili, pamoja na gharama. Miaka miwili baadaye Cambridge University Press, wachapishaji wakubwa hao, walipotishiwa kesi na mtu huyohuyo, waliomba radhi na kuzisaga nakala zilizobaki za kitabu cha Alms for Jihad. Mmoja wa waandishi wake alikuwa Robert Collins, mwanahistoria ambaye yeyote aliyesoma historia ya Sudan amekutana na jina lake. Kesi haikufika hata kwa jaji.

Wamarekani walichukia. Jimbo la New York lilitunga sheria yake mwaka 2008, na tarehe 10 Agosti 2010 Rais Obama alisaini sheria ya nchi nzima: mahakama za Marekani zisitekeleze hukumu ya kashfa ya nchi nyingine kama nchi hiyo hailindi uhuru wa kusema kama Katiba ya Marekani inavyoulinda. Kwa maneno mengine, mhukumuni London mkipenda, nyumba yake ya New York hamtaigusa. Ni ulinzi mzuri kwa mwenye nyumba New York. Mwandishi wa Kampala au Lusaka hana wa kumtungia sheria kama hiyo.

Waingereza nao walianza kuona aibu ya kuitwa soko la kesi. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliwasema mwaka 2008. Mwaka 2013 Bunge lao likapitisha sheria mpya ya kashfa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2014. Sasa lazima uonyeshe madhara makubwa kwa jina lako. Ukimshtaki mtu asiyeishi Uingereza, mahakama ijiridhishe kwanza kuwa Uingereza ndipo panapofaa kuliko kote. Na mwaka wa kushtaki unahesabiwa tangu habari ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza. Dyuki wa Brunswick, aliyefariki mwaka 1873, alizikwa rasmi siku hiyo. Majimbo makubwa ya Australia yakafuata tangu Julai 2021, ila Septemba ya mwaka huohuo Mahakama Kuu yao ilisema kuwa chombo cha habari kinaweza kuhesabiwa mchapishaji wa maoni ya watu kwenye ukurasa wake wa Facebook. Kwa hiyo wamelegeza huku, wamekaza kule.

Na sisi? Tanzania na Kenya sheria ya kashfa tulirithi kwa Mwingereza, ya fidia na ya jela zote mbili. Waingereza wenyewe waliifuta ile ya jela mwaka 2009. Huku kwetu mabadiliko yaliletwa zaidi na mahakama. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile iliyopo Arusha, ilitoa hukumu ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa kuandika habari za mwendesha mashtaka wa serikali. Ilisema kumfunga mtu kwa kashfa ni kuvunja uhuru wa kujieleza. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, hapohapo Arusha, ikavikuta na kasoro vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vya kashfa vikiwemo, na marekebisho ya 2023 yakaiondoa kashfa kwenye makosa ya jinai ya sheria hiyo. Lakini kwa upande wa mtandao tulikuwa tumeshapata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu chake cha 16 kiliweka kwa taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Kenya ndiyo inayochekesha, kama kicheko kinafaa. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kinawapeleka watu kizimbani kwa maneno ya Facebook na Twitter. Februari 2017 Jaji John Mativo akaifuta kashfa ya jinai katika kanuni ya adhabu, ambayo adhabu yake ilikuwa hadi miaka miwili. Waandishi wakashangilia. Mwaka 2018, kabla vigelegele havijatulia, ikapitishwa sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao, na katika kifungu cha 23 likawekwa kosa la kuchapisha taarifa za uongo zinazoweza kuleta taharuki, au kumvunjia mtu heshima. Adhabu iliyoandikwa humo ilikuwa hadi miaka kumi. Yule muuza magari wa Colorado, kwa mfalme mzima, alipewa miwili na nusu.